Nyama isiyo na shingo

Mi ni mtu wa nyumba. Ninasema mapema ili mtu asinitafutie ushujaa. Kuna wanawake hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, ambao kabla jua halijapanda wameshafika Dowa na kurudi na mizigo kichwani. Mimi nikifika sokoni na kurudi ninahesabu kwamba nimesafiri. Ninavua viatu na kuomba maji. Cherehani yangu iko mlangoni, mbabula yangu ya makaa iko hatua nne kutoka kwenye cherehani, na kitanda kiko hatua sita kutoka kwenye mbabula. Mungu akinitaka hana haja ya kuuliza njia. Nina diploma ya sekondari niliyoipata Bukavu, upande wa sayansi, ambayo mpaka leo imenisaidia kueleza kwa nini kitunguu kinaliza mtu. Vita pekee niliyowahi kupigana kwa hiari yangu niliipigana ndani ya nyumba hii, na silaha zangu zilikuwa visu viwili na mabakuli sita ya plastiki.

Mama mkwe wangu alitufikia miaka michache iliyopita kutoka Kivu ya Kusini. Alikuwa na begi moja, Biblia, na upawa wa aluminiamu aliouzungushia kitenge kana kwamba ni mtoto mchanga. Watoto wanamwita koko. Mimi ninamwita mama, kwa heshima na kwa woga, sehemu sawa. Siku ya kwanza nilimwekea kiti. Siku ya pili alisimama, akaninyang'anya chungu cha mchuzi na kuniambia, "Kaa, mukamwana, umechoka." Nilikaa. Nilijiona nimepata bahati ambayo wakamwana wengine wanafunga siku tatu wakiiomba. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mwenye upawa njo mwenye nyumba, na kwamba nilikuwa nimetoa utawala wangu kwa sababu miguu iliniuma.

Koko aligawa kwa sheria. Kama ni kuku, firigisi na paja moja zilikwenda kwa mume wangu, ambaye ni mzaliwa wake wa kwanza na, ukimsikiliza yeye, wa mwisho pia. Paja la pili lilikwenda kwa wavulana wangu wawili, kwa kuwa walikuwa wanajenga mifupa. Mimi nilipewa mgongo. Binti yangu alipewa shingo. Koko mwenyewe alichukua miguu na kile kilichogandia chini ya chungu. Kama ni usipa, wale samaki wadogo wa ziwani tunaokula siku nyingi za wiki, wazima walihesabiwa kwa wanaume, na binti yangu akapata waliovunjika.

Siku moja nilimuuliza, nikijifanya ninatania, kwa nini shingo kila mara ni ya mtoto yuleyule. Hakukasirika. Alinijibu kama mtu anayekuelekeza mahali choo kilipo: "Huyu atakula kwa bwana yake."

Shingo mimi ninaijua. Mi ni daktari wa shingo. Nimekula shingo tangu nimeota meno hadi nilipoolewa, ndipo nikapandishwa cheo na kupewa mgongo. Ungeniuliza nikiwa msichana, ningekuambia kuku aliumbwa na shingo ili wasichana nao wapate kitu. Kwa hiyo labda ningenyamaza mpaka leo, maana kunyamaza ni kazi unayoweza kuifanya ukiwa umekaa. Lakini binti yangu, aliyekuwa na miaka kumi na minne, alianza jambo jipya. Alikuwa akinyanyua sahani yake, anaiangalia, anaiweka chini na kusema, "Nimeshiba." Alisema hivyo kabla hajaweka kitu mdomoni. Kisha mwalimu wake alipita kwangu kuchukua suruali aliyoileta kushonwa, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mtoto anasinzia darasani, na kwamba si usingizi wa uvivu.

Hapo nikakasirika. Nilitaka kitu kimoja tu: binti yangu ale chakula chake, kamili, kwenye meza yangu, bila kuolewa kwanza.

Nilijaribu njia za heshima. Nilikata nyama vipande vinavyolingana. Koko aliinama juu ya chungu kama sonara na akakiona kile kilichozidi kwa ukubwa wa kucha. Nilipika maharage, nikijiambia kwamba maharage hayana paja wala shingo. Alizamisha upawa chini akawapa wanaume yale mazito, akaupitisha juu juu akampa binti yangu supu. Nilimwambia mume wangu aongee na mama yake. Aliniambia ataongea. Mume wangu anatengeneza simu sokoni, na ninadhani ndiyo sababu anaamini kila kitu kinaweza kusubiri mpaka kipatikane kipuri.

Siku niliyokumbuka bakuli moja la Lilongwe nilikuwa ninakata aproni.

Tulikaa Lilongwe, Area 47, kabla sote hatujaambiwa turudi kambini, na wakati ule nilimshonea aproni mwanamke mmoja mwenye mgahawa mdogo huko City Centre. Nilizipeleka mchana, nikiwa nimevaa viatu vya kanisani, kwa sababu kutoka nyumbani kwangu ni sherehe. Alifurahi akaniambia nikae, niletewe baga. Baga niliijua: mkate, nyama ya kusaga, mkate tena. Kilichokuja kilikuwa bakuli. Ndani yake kulikuwa na nyama, majani yaliyokatwa membamba, nyanya, vitunguu, tango la siki na sosi ya rangi ya machungwa juu yake. Mkate hakuna. Nikawaonea huruma. Nikajua mkate umewaishia na wanaona aibu kusema. Nilikuwa nimewanunulia watoto mikate midogo ikiwa ndani ya mfuko wangu, nikatoa miwili, nikainuka, nikampelekea mpishi jikoni na kumwambia taratibu, mtu mwingine asisikie, atumie hiyo, tutaelewana. Mpishi aliiangalia mikate, akaniangalia, akasema zikomo, asante ya huku. Halafu nikasikia jikoni nzima inacheka. Wakanieleza kwamba kuna watu wanaolipa ili mkate uondolewe. Nilirudi kwenye kiti changu na kula kwa uso mkavu, kama mtu ambaye ameutupa mkate maisha yake yote.

Kwa miaka niliikumbuka siku ile kwa aibu tu. Sasa, mkasi mkononi, nikakumbuka kitu kingine. Tulikuwa watu wanne pale ndani na mabakuli yetu yote yalikuwa sawa. Nyama iliyosagwa haina paja. Haina firigisi. Haina shingo. Na ikishaingia ndani ya bakuli la mtu, upawa umefika umechelewa.

Jumanne njo siku mchinjaji wetu anachinja. Nilinunua nusu kilo ya nyama ya ng'ombe, kabeji ndogo, nyanya, tango, na birayi kidogo, vile viazi ambavyo Bukavu vilikuwa chakula cha asubuhi na huku vimekuwa chakula cha heshima. Mabakuli niliyapata kwa muuza plastiki: sita, rangi ya bluu, yote ya aina moja. Nilichagua kwa makusudi. Nilitaka hata mimi mwenyewe nisijue langu ni lipi.

Wanaosema chakula hiki ni chepesi kukipika siku ya kazi wana mashine ya kusaga. Mimi nilikuwa na visu viwili na ubao. Nilishika kimoja kila mkono nikaipiga ile nyama mpaka jirani akauliza kuna nini. Koko alisimama mlangoni na kunitazama.

"Hiyo nyama imekukosea nini?"

Nikamwambia haijanikosea kitu, inalipa dhambi za wengine. Alifikiri ninasema habari za Biblia, akaitikia.

Lakini baada ya visu, kwa kweli, ni rahisi. Tango lilikuwa limekaa ndani ya siki na sukari kidogo tangu asubuhi. Birayi nilizikata ndogo kama dadu nikazikaanga kwanza. Nyama niliitia chumvi, kitunguu saumu na pilipili manga, nikaibandika kwenye kikaango cha moto na kuikandamiza kwa kitako cha kikombe mpaka upande wa chini ukawa na ukoko wa kahawia, ndipo nikaigeuza na kuivunjavunja. Kabeji niliikata nyembamba kama uzi. Huo ni ufundi wa cherehani. Sosi ilikuwa mayonezi ya pakiti, sosi ya nyanya, tango lililokatwa dogo na pilipili ya kuwasha. Kwa muda huo maji ya bugali yangekuwa bado hayajachemka. Nilipanga mabakuli kwenye meza, kabeji chini, birayi, nyanya, kisha nyama, vijiko vinne kwa kila bakuli, nikiwa nimemgeuzia koko mgongo mpana ambao nilipewa na Mungu kwa kazi hiyo. Halafu nikaita watu.

Koko aliangalia meza. Aliinama akaangalia na chini ya meza.

"Bugali iko wapi?"

Nikamwambia leo hakuna.

"Kuna msiba?"

Wavulana walikuwa wameshaanza kula. Wale wangekula hata ubao niliokatia. Mume wangu alikaa na bakuli lake, akilizungusha, akitafuta upande wa mbele. Binti yangu hakugusa. Alikuwa anaangalia nyama ndani ya bakuli lake, kisha ya baba yake, kisha yake tena. Koko aliona anachokiona. Akachukua upawa wake, akaupeleka ndani ya bakuli la mtoto, akachota.

Niliweka kiganja changu juu ya bakuli. Sosi ikaingia kwenye pete.

"Hapana, mama."

"Ninamuongezea baba yake."

"Baba yake iko na yake. Tuko sita, mabakuli ni sita. Nilipima."

"Unamupimia bwana yako chakula?"

"Ninamupimia kila mutu. Na mimi nilijipimia."

Mume wangu alitoa simu mfukoni na kuanza kuisoma kwa makini. Ilikuwa simu ya mteja, imekufa, haina hata betri. Koko aliurudisha upawa, akajifunga kitenge upya, akatoka na kwenda kukaa kwa jirani. Binti yangu alikula. Alikula polepole, mkono wa kushoto ameuzungusha kwenye bakuli kama ukuta.

Bakuli la koko nililifunika kwa sahani. Wavulana waliomba wagawane, nikawaambia atakayeligusa nitamshonea mkono kwenye mfuko. Ilikuwa Juni, na baridi ya Dowa inatunza chakula bila kuombwa. Asubuhi nililipasha moto nikaliweka mbele yake. Akasema amefunga.

Basi nikawa habari. Jirani yangu, mama wa kutoka Fizi anayeuza samaki wakavu na maneno mabichi, alikuja na kiti chake kabisa. "Jirani, tunasikia kwako munakulaka majani," akasema. "Mi niko na mbuzi. Ukitaka, uje umuulize anawekaka sosi gani." Nikamjibu kwamba mbuzi wake amenenepa kuliko yeye, kwa hiyo amwulize huyo mbuzi kwanza. Tulicheka, lakini alipokunja kiti chake alisema, safari hii bila kutania, kwamba mama mkwe amelia nyumbani kwake. Wamama wa kanisa nao wakapita. Waliniambia kumshusha mzee si jambo la Kikristo. Niliwaambia sijamshusha, nimemwekea bakuli. Na kwamba nimetafuta upawa katika Biblia nzima, sijauona. Wakaniombea muda mrefu kuliko kawaida.

Sitadanganya kwamba sikuogopa. Aliyenilelea mwanaume wangu alikuwa analia kwa jirani, na mimi nilikuwa nimesimama imara kwa ajili ya vijiko vya nyama. Mume wangu alikuja kwenye cherehani yangu asubuhi moja, akainama kama anayetafuta pini, akaniambia mama ameumia, na tena ni nyama tu.

"Kama ni nyama tu," nikasema, "wewe kula shingo mwezi mmoja."

Alifikiri. Akasema hajawahi kula shingo, hajui ikoje.

"Njo maana."

Aliondoka. Alirudi kutoka nusu ya njia, akaniuliza kama basi angalau ningeweza kupika bugali, maana bila bugali anaamka usiku akidhani hajala. Nikamwambia mbabula iko palepale, hatua nne.

Jumanne iliyofuata nilipiga tena nyama yangu kwa visu viwili, na kwa nguvu zaidi, ili wa Fizi asikie vizuri. Nilipomaliza kupanga mabakuli, mume wangu alikunja mikono ya shati na kuweka sufuria ya maji. Alimwaga unga wote kwa mara moja. Mabonge yalitokea makubwa kama vitovu, naye akayapiga kwa mwiko kama anayeua nyoka. Koko alivumilia kidogo. Kisha akasimama, akamsukuma mwanawe pembeni, akanyoosha bugali ile mpaka ikawa laini, akaiweka katikati ya meza na kuniangalia. Alingoja niseme neno. Nilimega tonge. Bugali haikuwa adui yangu hata siku moja. Watu wa City Centre wakisikia kwamba tunakula baga bila mkate na bugali pembeni watanidai bakuli lao, lakini hiyo ni shauri yao.

Siku hiyo pia koko hakugusa bakuli lake. Alikula bugali kavu, tonge kwa tonge, akitafuna kwa sauti ili sote tuyasikie mateso yake. Binti yangu alikula huku mkono wake wa kushoto ukiwa juu ya paja.

Jumanne ya tatu binti yangu aliniomba yeye apime. Nilimpa kijiko. Alipima akihesabu kwa sauti, moja mpaka nne, mara sita, bila haraka, koko akiwa amekaa pale pale akisonga bugali. Tulipokaa, alichukua bakuli moja, hakuchagua, akaenda akaliweka mbele ya nyanya yake.

"Koko, yako. Ni vine, kama ya papa," akasema, akimwangalia baba yake.

Koko aliliangalia lile bakuli. Aliligeuza kidogo kwa kidole.

"Yote hii ni yangu?"

"Yote."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa mengi, lakini si kwa sauti ile. Nikagundua kwamba kwa miaka yote aliyokaa kwangu sijawahi kumwona na sahani yenye kitu ambacho si mabaki ya wengine. Alikuwa amegawa, amegawa, halafu akala kilichogandia. Mimi nilipandishwa cheo kutoka shingo kwenda mgongo. Yeye alipofika juu kabisa, akashika na upawa wenyewe, alipata miguu.

Akachukua kijiko. Akachota nyama, na nikauona mkono wake ukienda. Haukuwa mkono wa ugomvi. Ulikuwa unakwenda wenyewe, kama unavyokwenda mkono wangu kwenye gurudumu la cherehani, moja kwa moja kuelekea bakuli la mwanawe.

"Hata yako haitoki, mama," nikasema.

"Mi nimezeeka. Nyama itanijenga nini?"

"Sijui. Kula tutaona."

Kijiko hakikurudi. Kilikaa hewani juu ya meza, sosi ikidondoka kwenye bugali. Wavulana walisimamisha kutafuna. Mimi nilikuwa mbali, nisingefikia. Na hapo mume wangu, ambaye kwa wiki tatu alikuwa amesoma simu zote zilizokufa za Dzaleka, alinyoosha kiganja chake na kulifunika bakuli lake mwenyewe.

"Toa mukono," koko akamwambia.

"Hapana, mama. Kula."

Walitazamana. Yeye ndiye aliyemzaa, anajua mwanawe anasema hapana mara ngapi kwa mwaka. Akakirudisha kijiko polepole, akakipeleka mdomoni. Alitafuna muda mrefu, macho yakiwa ukutani. Akachota kingine. Akaniuliza hii nyama ni ya sehemu gani ya ng'ombe, nikamwambia sijui tena, nimeipiga mpaka yenyewe imesahau. Akaguna. Alikula kabeji, akala birayi, tango alilisukuma pembeni kisha akalirudia.

"Haina chumvi," akasema mwishoni, ingawa alikuwa bado na vijiko viwili.

Binti yangu aliinuka akaleta chumvi. Koko alinyunyiza kwa vidole vitatu, nyingi, kama mtu anayelipiza. Kisha akalisukuma lile kopo la chumvi mbele ya mtoto.

"Na wewe weka," akamwambia. "Mama yako hajui kupika."

Lakini bakuli la binti yangu lilikuwa tupu tayari.